Jinsi ya Kujiunga na Vyama vya Kimataifa vya Madaktari wa Watoto na Kuvifanya Vimfae Mgonjwa

Daktari wa watoto anaweza kufanya kazi miaka kumi na akakutana na mtoto mmoja tu mwenye ugonjwa fulani wa nadra wa figo, au wawili wenye uvimbe wa ini. Magonjwa ya utotoni ni mengi kwa majina, lakini mengi kati yake, kila moja likitazamwa peke yake, huwapata watoto wachache sana, na hakuna hospitali, hata ile kubwa yenye kila kifaa, inayopokea wagonjwa wa kutosha kuiwezesha kujua peke yake ni tiba ipi inayoishinda nyingine. Hiyo ndiyo sababu kubwa iliyowafanya madaktari wa watoto wavuke mipaka ya nchi zao na kuunda vyama vya pamoja, ili yale ambayo kila mmoja ameyaona mara chache yakusanywe na kuwa ujuzi wa wote. Mwongozo huu ni wa daktari wa watoto, au daktari aliye katika masomo ya ubingwa, anayefikiria kujiunga na chama cha namna hiyo na anayetaka ada atakayolipa ionekane katika matibabu ya wagonjwa wake.

Jua kwanza unaingia katika chama cha aina gani

Vyama hivi havifanani, na makosa mengi ya mwanzo hutokana na kudhani kwamba vyote ni kitu kimoja. Kilicho kipana kuliko vyote ni Chama cha Kimataifa cha Madaktari wa Watoto, ambacho kwa kifupi huitwa IPA na ambacho kongamano lake la kwanza lilifanyika Paris mwaka 1912. Wanachama wa IPA ni vyama vyenyewe: vyama vya mataifa, miungano ya kanda kama vile UNAPSA ya Afrika, ALAPE ya Amerika ya Kilatini na APPA ya Asia na Pasifiki, pamoja na vyama vya fani maalumu. Daktari anaingia humo kupitia chama cha nchi yake. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta fomu yoyote ya ng'ambo, hakikisha kwamba uanachama wako wa taifa uko hai na kwamba ada yake imelipwa, kwa sababu nafasi nyingi za mafunzo, uwakilishi na ufadhili hupitishiwa huko, na daktari asiyejulikana na chama cha nchi yake mara nyingi hata habari za nafasi hizo hazimfikii.

Kundi la pili ni vyama vilivyoanzishwa kwa ajili ya nchi moja, kisha vikafungulia milango madaktari wa nchi nyingine. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, kilianzishwa mwaka 1930 na madaktari 35, na leo kina wanachama zaidi ya 60,000, wakiwamo wa nje ya Marekani. Chuo cha Kifalme cha madaktari wa watoto cha Uingereza, RCPCH, kilipata hadhi hiyo mwaka 1996 baada ya kuwa chama cha kawaida tangu 1928, na mtihani wake wa MRCPCH hufanywa na madaktari wa nchi nyingi. Hapa inafaa kuwa mwangalifu, kwa kuwa kuna uanachama unaopatikana kwa kulipa ada na kuna ule unaopatikana kwa kufaulu mitihani, na ni kosa la kitaaluma kuandika mbele ya jina lako herufi ambazo hukuzifanyia kazi.

Kundi la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye faida ya haraka zaidi kwa daktari aliye wodini, ni vyama vya fani. SIOP hushughulikia saratani za watoto na ilianzishwa mwaka 1969. IPNA ya magonjwa ya figo ilianza 1971. ICNA ya mishipa ya fahamu ilianza 1973. ISPAD ya kisukari cha watoto na vijana ilianza 1974. ESPGHAN, inayohusika na tumbo, ini na lishe ya watoto, ilizaliwa Ulaya mwaka 1968, lakini miongozo yake husomwa duniani kote.

Hakuna hata kimoja kati ya vyama hivi kinachokupa leseni ya kutibu. Leseni hutolewa na baraza la madaktari la nchi unayofanyia kazi, na cheti cha uanachama, hata kiwe na muhuri wa kupendeza kiasi gani, hakiongezi wala hakipunguzi mamlaka hayo.

Anza na swali linalotoka wodini

Kabla ya kuchagua chama, chukua daftari dogo na kwa muda wa mwezi mmoja uandike kila mara unapokwama. Andika kwa kifupi: mtoto wa umri gani, tatizo gani, ni kitu gani hasa ambacho hukukijua, na ulifanya nini. Mwisho wa mwezi yasome yote kwa pamoja. Mara nyingi utaona kwamba yanaelekea upande mmoja: labda ni watoto wenye degedege lisilokoma, labda ni watoto njiti wanaoshindwa kupumua, labda ni wenye kisukari wanaorudi kila baada ya wiki chache wakiwa na damu iliyojaa asidi. Upande huo ndio unaokuonyesha chama chako.

Nasisitiza chama kimoja cha fani, pamoja na cha taifa. Nimewaona madaktari wazuri wakijiandikisha katika vyama vinne kwa mwaka mmoja, wakapokea majarida manne, mialiko ya semina za mtandaoni kila wiki na barua pepe zisizohesabika, na baada ya miezi sita wakawa hawafungui hata moja. Anayehudhuria kikundi kimoja kila mwezi kwa miaka mitatu hufahamika kwa jina, hupewa kazi ya kamati, na siku akiwa na mgonjwa mgumu anajua wa kumwandikia.

Ada, fomu na wadhamini

Sehemu hii ni fupi kwa kuwa taratibu zake hazisumbui sana. Vyama vingi huomba wasifu wako, nakala ya usajili wa udaktari na, baadhi yao, majina ya mwanachama mmoja au wawili watakaokudhamini. Ikiwa humjui mwanachama yeyote, uliza chama chako cha taifa au mwalimu wako wa zamani, na usione haya, kwa maana kila mwanachama aliyemo aliwahi kuwa mgeni. Kuhusu ada, usilipe kiasi cha kwanza unachokiona kwenye tovuti. Vyama vingi hupanga ada kwa ngazi kufuatana na kipato cha nchi kama kinavyoainishwa na Benki ya Dunia, na vilevile huwapunguzia madaktari walio masomoni na wauguzi, lakini punguzo hilo mara nyingi hupatikana kwa kuliomba. Ukiwa unajiunga kwa ajili ya jarida tu, hakikisha kwanza kama taasisi yako haina haki ya kulisoma bure au kwa bei nafuu kupitia Hinari, mpango uliozinduliwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kuusoma mwongozo wa matibabu kwa makini

Kazi kubwa kuliko zote inayofanywa na vyama hivi ni kuandika miongozo ya matibabu, na hapa ndipo daktari anapoweza kufaidika sana au kuteleza vibaya. Mwongozo ni makubaliano ya wataalamu juu ya ushahidi uliokuwapo siku ulipoandikwa. Una tarehe, una mahali ulipotoka, na una hospitali fulani ambayo waandishi walikuwa wakiifikiria walipoandika.

Angalia tarehe kwanza. Vigezo vya mwanzo vya ESPGHAN vya kutambua ugonjwa wa siliaki, ule ambao mwili wa mtoto haustahimili gluteni ya ngano, vilidai kipande cha utumbo kichukuliwe mara tatu kwa nyakati tofauti. Mwaka 1990 ikaonekana kwamba kwa watoto wengi mara moja inatosha. Mwaka 2012 ikakubaliwa kwamba baadhi ya watoto wenye dalili, na wenye kingamwili zilizopanda mara kumi au zaidi ya kiwango cha juu cha kawaida, wanaweza kutambuliwa bila kuchukuliwa kipande chochote, na mwaka 2020 mlango huo ukapanuliwa. Daktari aliyesoma vigezo hivyo akiwa mwanafunzi na asiyevirudia tena anaweza kumwingiza mtoto katika uchunguzi wenye maumivu ambao chama kilekile kimeshauacha.

Angalia pili kama unasoma mfumo mmoja au unachanganya miwili. Uvimbe wa Wilms, ambao ni saratani ya figo ya utotoni, ni mfano ulio wazi. SIOP humwanzishia mtoto dawa za saratani kabla ya upasuaji ili uvimbe upungue na usipasuke mezani. Watafiti wa Amerika ya Kaskazini kwa miaka mingi wameanza na upasuaji ili waone hatua halisi ya ugonjwa kabla dawa haijaubadilisha. Njia zote mbili, katika nchi zenye huduma kamili, huokoa takriban watoto 9 kati ya 10. Lakini hatua ya ugonjwa inayoandikwa baada ya dawa haina maana ileile na hatua inayoandikwa kabla ya dawa, na daktari anayepasua kwa utaratibu wa upande mmoja kisha akachagua dawa kutoka kwenye jedwali la upande wa pili anaweza kumpa mtoto tiba pungufu au tiba iliyozidi. Kikao cha daktari wa watoto, mpasuaji na mtaalamu wa maabara kikubaliane juu ya mfumo mmoja kabla mgonjwa wa kwanza hajafika.

Angalia tatu, na hili ningependa lisomwe polepole, mwongozo umeandikwa kwa ajili ya hospitali gani. Kwa miaka mingi miongozo iliyosambazwa duniani ilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu apewe haraka kiasi kikubwa cha maji kwa mshipa. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa FEAST, uliowahusisha watoto 3,141 nchini Kenya, Uganda na Tanzania. Kati ya waliopewa maji hayo ya haraka, takriban 10.5 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya wale ambao hawakupewa, walifariki 7.3. Kwa maneno mengine, tiba iliyoaminiwa na wote iliongeza vifo karibu vitatu kwa kila watoto mia, katika hospitali zisizo na mashine za kumsaidia mtoto kupumua. Utafiti huo haukuwajumuisha watoto wanaoharisha wala wenye utapiamlo mkali, kwa hiyo hauzungumzii upungufu wa maji wa kuhara, na si haki kuutumia kumnyima dripu mtoto aliyekaushwa na kuharisha.

Ilipofika mwaka 2020, mwongozo wa kimataifa wa sepsisi kwa watoto, yaani maambukizi makali yanayouelemea mwili mzima, ulitoa ushauri tofauti kwa mazingira tofauti. Palipo na wodi ya wagonjwa mahututi, mtoto anaweza kupewa hadi mililita 40 hadi 60 kwa kila kilo katika saa ya kwanza, kidogokidogo huku akipimwa. Pasipo na wodi hiyo, na shinikizo la damu halijashuka, maji ya haraka hayapendekezwi. Ni kurasa zilezile na ugonjwa uleule, lakini jibu linategemea kilichoko upande wa pili wa ukuta wa wodi yako. Daktari anayesoma mstari mmoja wa jedwali na kuuacha wa pili anaweza kudhuru akiwa na uhakika kamili kwamba anafuata mwongozo.

Kwa hiyo, kila unapofungua mwongozo mpya, tafuta kwanza sehemu inayoeleza nguvu ya kila pendekezo na uhakika wa ushahidi wake, kwa sababu neno "tunapendekeza" na neno "tunashauri" hutumiwa humo kwa maana mbili tofauti. Kisha tafuta kama kuna sura ya mazingira yenye vifaa vichache. ISPAD, katika miongozo yake ya mwaka 2022, iliweka sura ya namna hiyo, na maelekezo yake kuhusu mtoto mwenye ketoasidosisi ya kisukari, ile hali ya damu kujaa asidi, hayamwachi solemba daktari asiye na pampu ya kupitisha insulini kwenye mshipa, bali humweleza namna ya kuitoa kwa sindano ya chini ya ngozi au ya msuli, na baada ya saa ngapi. Mwisho, soma ukurasa unaotaja maslahi ya kifedha ya waandishi, jambo ambalo nitalirudia hapa chini.

Kuupeleka mwongozo kitandani kwa mtoto

Mwongozo wa kurasa 80 haumsaidii muuguzi wa zamu ya usiku. Kaa na wauguzi wawili na daktari mmoja, mchague tatizo moja, kisha mwandike ukurasa mmoja wenye herufi kubwa: dalili za kutambua, dozi kwa uzito wa kilo 3, 5, 10, 15 na 20, cha kufanya dawa ya kwanza ikikosekana, na nani wa kuitwa. Hesabu za dozi zihakikiwe na watu wawili kwa nyakati tofauti, kila mmoja bila kuiona ya mwenzake. Chini ya ukurasa andikeni jina la chama, mwaka wa mwongozo, na tarehe ambayo ukurasa huo utapitiwa upya.

Baada ya hapo kuna kazi ambayo watu wengi huiruka. AAP na washirika wake walizindua mwaka 2010 mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga apumue, yaliyojengwa juu ya kile kinachoitwa dakika ya dhahabu: mtoto anakaushwa, anasuguliwa mgongo, njia ya hewa inasafishwa ikihitajika, na kama bado hapumui, mfuko na kinyago viwe usoni pake kabla ya sekunde 60 kutimia. Hakuna umeme wala mashine inayohitajika. Katika utafiti uliofanywa kwenye hospitali nane nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2013, vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Lakini mwaka huohuo watafiti wa hospitali ya Haydom, nchini humohumo, walionyesha kwamba kozi ya siku moja iliwafanya wahudumu wafanye vizuri mbele ya mwanasesere wa mafunzo bila kubadilisha walichokifanya mbele ya mtoto halisi. Hospitali hiyohiyo ilipoweka mazoezi mafupi ya mara kwa mara mahali pa kazi, vifo vya saa 24 za mwanzo vikapungua. Kwa hiyo, ukirudi kutoka kwenye mafunzo ya chama, usiandae semina moja kubwa kisha ukapumzika. Weka mwanasesere na mfuko wa kupumulia kwenye meza ya chumba cha kuzalishia, na kila zamu inapopokezana, mhudumu mmoja afanye zoezi la dakika tano huku mwenzake akishika saa.

Kuuliza kuhusu mgonjwa

Vyama kadhaa vina majukwaa ya kujadili wagonjwa wagumu, na hata pale ambapo hakuna jukwaa rasmi, wajumbe wa kamati kwa kawaida hujibu barua iliyoandikwa vizuri. Nasema iliyoandikwa vizuri kwa sababu barua nyingi hukosa jibu kwa kuwa hazina swali. Barua nzuri inaweza kuwa fupi kama hii:

"Mtoto wa kiume wa miaka 6, kilo 20, amevimba mwili kwa wiki nane. Amepata predinisoloni dozi kamili ya kila siku kwa wiki sita bila protini kutoweka kwenye mkojo. Albumini ya damu ni gramu 16 kwa lita, shinikizo la damu ni 118 kwa 78, kreatinini ni ya kawaida, hakuna damu kwenye mkojo. Tunaweza kupata takrolimasi, lakini hatuna kipimo cha kiwango chake kwenye damu, na biopsi ya figo inafanyika umbali wa siku moja ya safari. Swali letu ni moja: tumsafirishe kwanza kwa biopsi, au tuanze dawa hapa huku tukifuatilia kreatinini kila wiki?"

Anayeipokea barua hiyo anajua mtoto yuko katika hali gani, kilichokwisha kufanyika, kilichopo na kisichokuwapo, na anaweza kujibu kwa sentensi tatu. Haina jina, haina tarehe ya kuzaliwa, haina namba ya faili wala picha ya uso. Mzazi aelezwe kwamba utaomba ushauri na aridhie, na ridhaa yake iandikwe kwenye faili. Jibu likifika, kumbuka kwamba mwandishi wake hajamgusa mtoto. Uamuzi na dhamana yake vinabaki kwako na kwa wenzako mlio kando ya kitanda.

Kongamano

Watu wengi huanza na safari kisha wakatafuta la kuwasilisha. Fanya kinyume chake. Ikisiri nzuri, yaani muhtasari wa kazi unaoomba kuiwasilisha, huanzia kwenye rejesta ya wodi: ni watoto wangapi walilazwa na tatizo fulani kwa mwaka, wangapi walipona, nini kilibadilishwa katikati, na hali ikawaje baadaye. Kichwa kama "Kisukari kwa watoto: changamoto na mafanikio" hakimwambii mhakiki chochote. Kichwa kinachosema ni watoto wangapi, kwa kipindi gani, na matokeo yapi, humfanya aendelee kusoma. Omba kibali cha kamati ya maadili mapema, kwa maana data zilizokusanywa bila kibali mara nyingi haziwezi kuhalalishwa baadaye. Maombi ya ufadhili wa safari hufungwa miezi mingi kabla ya kongamano, na kwa kawaida huhitaji ikisiri iliyokwisha kuwasilishwa, hivyo anayesubiri tangazo la mwisho hukuta nafasi zimekwisha.

Jihadhari na mialiko inayokusifu sana. Kongamano la kweli lina chama kinachofahamika nyuma yake, kamati ya sayansi yenye watu unaoweza kuwathibitisha, na halikubali ikisiri yako kwa saa chache. Ukipokea barua inayokuita "mtafiti mashuhuri" katika fani ambayo hujawahi kuigusa, na inayodai ada ya usajili kabla ya uhakiki, ifute.

Fedha za kampuni za maziwa

Hili ni jambo linaloniuma, na ninaamini kila daktari wa watoto analazimika kulisimamia. Kampuni zinazouza maziwa ya kopo zina sababu nzuri ya kutaka urafiki wa madaktari wa watoto, kwa kuwa mama humwamini daktari kuliko tangazo lolote. Kanuni za Kimataifa za Uuzaji wa Bidhaa Mbadala wa Maziwa ya Mama zilipitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1981, na mwongozo uliotokana na azimio la mwaka 2016 ukaeleza bayana kwamba kampuni hizo zisifadhili mikutano ya wataalamu wa afya. Hata hivyo, nembo zao bado huonekana kwenye mabango ya baadhi ya makongamano na kwenye mikoba wanayogawiwa wajumbe. RCPCH ilitangaza mwaka 2019 kwamba haitapokea tena fedha za kampuni hizo, baada ya mjadala mrefu wa wanachama wake, na hiyo yaonyesha kwamba wanachama wana uwezo wa kubadili mambo.

Kwa hiyo, kabla ya kujiunga, fungua ukurasa wa wadhamini wa chama na wa kongamano lake la mwisho. Ukikuta jina usiloridhika nalo, andikia ofisi ya chama na uulize sera yake ni ipi. Ukiwa mwanachama, peleka hoja hiyo kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Usikubali tiketi, chakula cha jioni wala mkoba wenye nembo ya maziwa, na usiingie nao wodini mahali ambapo mama aliyejifungua jana anajifunza kumnyonyesha mtoto wake.

Sauti ya pamoja

Vyama hivi husikika mahali ambapo daktari mmoja hasikiki. IPA ina uhusiano rasmi na Shirika la Afya Duniani na hukaa kwenye vikao ambamo sera za afya ya mtoto hujadiliwa. Mwaka 1992 AAP ilipendekeza kwamba mtoto mchanga alazwe chali au ubavu, si kifudifudi, anapolala, na katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini nchini Marekani vilipungua kwa takriban nusu, bila dawa na bila kifaa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kimataifa wa saratani za watoto wenye lengo la kufikisha kiwango cha kupona angalau asilimia 60 ifikapo 2030, na SIOP ni miongoni mwa washirika wake.

Matamko ya namna hiyo yana matumizi ya karibu kuliko yanavyoonekana. Unapokwenda kwa uongozi wa hospitali kuomba kipimo cha oksijeni, dawa ya maumivu kwa watoto wenye saratani au muuguzi wa pili wa zamu ya usiku, peleka ukurasa mmoja: pendekezo la chama kwa sentensi mbili, mwaka wake, idadi ya watoto wa wodi yako waliohusika na jambo hilo katika miezi 12 iliyopita, na gharama. Ombi lenye takwimu za watoto wa hapohapo, likiwa limeegemea pendekezo la chama kinachoheshimika, ni gumu kurudishwa kwenye droo.

Baada ya mwaka mmoja, barua ya kulipia tena ada itakapofika, lichukue lile daftari la mwezi wa kwanza. Pitia kila mahali ulipokwama na uandike pembeni kama sasa una jibu, na kama jibu hilo limeandikwa kwenye ukurasa ulioko ukutani mwa wodi. Kama mistari mingi imejibiwa, lipa ada na uombe kazi katika kamati. Kama bado iko mitupu, andikia chama uwaeleze ni maswali gani ambayo hukuyapatia msaada, subiri jibu lao, kisha uamue kama utabaki humo au utakwenda kwenye chama cha fani nyingine inayowahusu zaidi watoto unaowalaza.